Mtoto mwenye usonji na choo: tusubiri dalili au tuanze?

Huku Mtwara mama mwenye mtoto wa usonji anasikia maneno mawili kila siku. La kliniki na la kwenye simu linasema usimlazimishe, msubiri aonyeshe dalili kwamba yupo tayari. La bibi mzaa baba linasema mtoto ana miaka mitano bado unamfunga pampasi, mkalishe chooni huyo. Mama yupo katikati hajui ashike lipi.

Wa kusubiri wana hoja, sikatai. Hawa watoto wengine mwili hauwaambii mapema kwamba kibofu kimejaa, anashtukia kashalowa. Halafu angalia na choo chetu cha shimo, giza, harufu, bati linagonga kusi ikivuma, tundu jeusi chini ya miguu. Mtoto ambaye hata mshono wa shati unamkera, ukimburuta humo na fimbo hujamfundisha choo, umemfundisha kubana.

Na hapo kwenye kubana naomba nikae kidogo maana ndo panapoumiza watoto. Mtoto akibana haja kubwa siku tatu nne inakuwa ngumu, siku akienda inamuuma, sasa kapata sababu nyingine ya kubana, utumbo unatanuka mpaka hasikii tena kwamba umejaa, alafu choo cha majimaji kinapenya pembeni ya kile kigumu kinavujia kwenye nguo. Mama anafua mara nne kwa siku, na kama yupo Newala ambako maji ni shida ndo usiseme, anadhani mtoto anaharisha. Jirani anasema anafanya makusudi. Mtoto anachapwa. Kumbe kafunga choo! Na ukienda dukani ukanunua dawa ya kuzuia kuharisha unazidi kumfunga. Watoto wa usonji wanafunga choo kuliko wenzao, wengi wanachagua sana chakula, huyu mkate mkavu tu, papai haligusi, maji hanywi. Kwa hiyo kabla ya poti, kabla ya ugomvi wa mama na mkwe wake, apelekwe hospitali tumbo liangaliwe na choo kilainishwe kwanza. Mtoto anayeumia hafundishiki, uwe unasubiri au umeanza.

Sasa bibi. Mimi naona bibi tunamwonea. Tunasikia ukali wa sauti tunadhani anataka fimbo, wakati malezi ya pwani ya zamani yalikuwa na njia ya upole kwenye hili, bila pampasi. Mwaka 1977 Marten na Rachel deVries waliandika kwenye jarida la madaktari wa watoto la Marekani kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya, mama anaanza mtoto akiwa na wiki chache tu, anampakata miguuni, anamtolea sauti ya "shuuu", anangoja, na kwenye miezi mitano sita mtoto yupo mkavu mchana na usiku. Wale hawakuwa watoto wa usonji na sisemi wa kwetu ataweza hivyo. Nasema mama yule hakusubiri dalili, alimsoma mtoto na akarudia jambo lilelile kila siku mpaka likakaa.

Maana hizo dalili zenyewe ni zipi? Ushauri wa kusubiri ulipata nguvu Marekani baada ya daktari Brazelton kuandika mwaka 1962, na dalili ni kama mtoto kuiga wakubwa, kuelewa akiambiwa, kutaka kujitegemea. Kuiga na kuelewa maneno ndo vitu ambavyo usonji unavigusa kwanza! Unamsubiri aombe choo mtoto ambaye hata maji haombi. Anafika miaka minane, wenzake wanaingia jando likizo, yeye anafichwa ndani, na kama ni binti kila anayepita hapo nyumbani anamvua anamsafisha, shangazi, dada wa kazi, jirani. Stara ya mtoto inaondoka hivyo na hatari inaingia hivyohivyo, na yeye hawezi kusema.

Kuanza hakuna maana ya kuburuta. Poti moja, pahala pamoja, muda uleule, akiamka na kila baada ya kula, dakika chache tu, neno moja lisilobadilika, picha ya poti ukutani, akitoa hata tone apewe hapohapo anachokipenda. Kama kazoea kujisaidia kwenye pampasi tu nyuma ya mlango, mwachie pampasi lakini afanyie karibu na poti, kisha akalie poti akiwa kavaa pampasi, kisha uitoboe hiyo pampasi. Inaweza kuchukua miezi.

Dada mmoja hapa Mikindani alianzia chumbani kwa sababu mwanae alikuwa analia akiona tu mlango wa choo. Baadaye poti ikasogea ukumbini, sasa hivi ipo uani, hatua kama kumi kutoka kwenye choo. Humo ndani bado hajaingia, ila pampasi ya mchana hawanunui tena, na anayemkumbusha muda ni bibi.