Uvimbe sugu wa utumbo: ni nadra Uganda, au haujatafutwa?

Kuna magonjwa mawili ambayo kwa miongo mingi yamefundishwa kana kwamba ni mali ya Wazungu. La kwanza ni kolaitisi ya vidonda, ambayo huchubua ukuta wa utumbo mpana mpaka mtu akahara damu. La pili ni ugonjwa wa Crohn, ambao unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi kwenye njia ya haja kubwa. Yote mawili huitwa kwa pamoja uvimbe sugu wa utumbo. Hapa hakuna kidudu cha kuua kwa dozi ya wiki moja. Kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayougeukia utumbo, na mgonjwa huishi nao miaka yote, mara umetulia, mara umeamka. Wengi huanza kuugua wakiwa vijana, kati ya miaka 15 na 35.

Takwimu za dunia zimepishana kupita kiasi. Mapitio ya tafiti 147 yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017 yalionyesha kuwa Norway ilikuwa na wagonjwa 505 wa kolaitisi ya vidonda kwa kila watu 100,000, na Ujerumani 322 wa Crohn. Amerika ya Kaskazini, Australia na nchi nyingi za Ulaya zimevuka wagonjwa 3 katika kila watu 1,000. Asia ni habari nyingine. Utafiti wa mwaka 2013 uliofanywa katika nchi kadhaa za huko ulipata wagonjwa wapya 1.37 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Australia, iliyopimwa kwa njia ileile, ilipata 23.67.

Sasa tujipigie hesabu sisi wenyewe. Sensa ya 2024 ilitupa watu milioni 45.9. Kwa kiwango cha Ulaya tungekuwa na wagonjwa wapatao 138,000. Tupunguze basi, maana karibu nusu yetu ni watoto na ugonjwa huu hupenda vijana na watu wazima. Bado tungebaki na makumi ya maelfu. Wako wapi?

Jibu la kwanza ni kwamba hawapo, na jibu hilo lilipikwa hapahapa Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Lira kisha hospitali ya Mulago, Kampala, mpaka miaka ya 1960, pamoja na mwenzake Hugh Trowell, waliona kwamba magonjwa yaliyojaa katika hospitali za Uingereza hayakuwa yakifika wodini kwao: kidole tumbo, saratani ya utumbo mpana, na uvimbe huu sugu. Maelezo yao yalikuwa chakula. Mtu anayekula viazi vitamu, maharage, kalo (ugali wa ulezi) na mboga hupata choo kikubwa kinachopita upesi, na utumbo wake haupati shida ya mtu wa mkate mweupe na sukari.

Si haki kuwacheka. Mulago ya wakati ule haikuwa zahanati ya kijijini. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1962, Makerere ilikuwa na idara ya patholojia iliyoheshimika, na Kampala ilikuwa na rejista ya saratani tangu miaka ya 1950. Kolaitisi ikipamba moto haifichiki: mtu hutoka damu, hukonda, utumbo mpana hutanuka hadi kupasuka, na mpasuaji akifungua tumbo huuona kwa macho yake. Hata hivyo, mwaka 1966 madaktari Billinghurst na Welchman walipoandika katika British Medical Journal kuhusu kolaitisi kwa Waafrika, walikuwa na wagonjwa wanne tu wa kuripoti. Wanne wakastahili makala nzima.

Cape Town nayo inaupa upande huu nguvu. Kati ya 1980 na 1984 watafiti walihesabu wagonjwa wapya wa kolaitisi kwa mwaka, kwa kila watu 100,000: Wazungu 5.0, machotara 1.9, Waafrika weusi 0.6. Kwa Crohn, mlolongo ulikuwa 2.6, 1.8 na 0.3. Mji ni mmoja na watafiti ni walewale. Unaweza kusema kuwa huo ulikuwa wakati wa ubaguzi wa rangi, na hospitali ya mtu mweusi haikuwa ya Mzungu. Ni kweli, na sehemu ya pengo lile inatoka hapo. Lakini sioni namna ubaguzi peke yake ungezaa tofauti ya zaidi ya mara nane.

Ninachokataa ni hatua inayofuata, ile ya kuruka kutoka “hatukuwaona” hadi “chakula chetu kinatukinga”, au “minyoo inatukinga”. Hoja ya minyoo ilipendwa sana. Ilisemwa kwamba mnyoo unapokaa tumboni huituliza kinga ya mwili ili usifukuzwe, na utumbo nao hufaidika. Mwaka 2005 Wamarekani waliwanywesha wagonjwa wa kolaitisi mayai ya mnyoo wa nguruwe, na baadhi yao walipata nafuu kuliko waliopewa kinywaji kitupu. Majaribio makubwa zaidi kwa wagonjwa wa Crohn, miaka michache baadaye, hayakuonyesha faida. Nasi tuna ushahidi wa jirani: katika visiwa vya Koome, Ziwa Victoria, vijiji 26 vya wavuvi vilifuatwa kwa miaka mitatu, vingine vikipewa dawa za minyoo mara nyingi, vingine kwa kawaida. Kilichopimwa ni mzio, si utumbo, lakini nadharia ni ileile, na wale waliomeza dawa zaidi hawakuwa na mzio zaidi ya wenzao.

Jibu la pili ni kwamba wagonjwa wapo ila hawaonekani, na silaha yake kali inatoka kwa Burkitt huyohuyo. Jina lake linajulikana duniani kwa saratani ya taya ya watoto, aliyoiandikia mwaka 1958. Aliifuatilia kwa kuwaandikia madaktari wa hospitali za mbali, kisha akafunga safari kwa gari kukuu kupita hospitali moja hadi nyingine mpaka kusini mwa bara. Njia hiyo ilifaulu kwa sababu taya iliyovimba inaonekana na kila mtu. Mmisionari asiye na kifaa chochote angeweza kujibu barua: ndiyo, tunao, hapana, hatuna. Alipokuja kuuliza juu ya utumbo aliendelea kutegemea ripoti za hospitali hizohizo. Ila ukuta wa utumbo mpana hauonekani kutoka kando ya kitanda. Unahitaji kamera ipitishwe ndani, kinyama kidogo kikatwe, mtaalamu wa patholojia akiangalie, na kabla ya hapo choo kipimwe ili kuondoa amiba, kichocho na bakteria. Pasipo hayo, “hapana, hatuna” ina maana ya “hatujaangalia”.

Na leo? Mgonjwa wetu hubeba kumbukumbu yake mwenyewe, daftari la shule alilolinunua nje ya lango la kituo cha afya. Dereva mmoja wa lori pale Malaba alinionyesha lake. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kuhara damu, wa tatu amiba, wa tano taifodi, kisha vidonda vya tumbo, halafu amiba tena, kila ukurasa na mwandiko wake. Katikati alikuwa amebana vibahasha vya karatasi vya duka la dawa, vimeandikwa 2×3, vya metronidazole, dawa ya amiba. “Yule wa duka ananiambia, mzee, hii ni amiba tu, meza umalize dozi,” akacheka. “Nimemaliza dozi mpaka duka limemaliza dawa.” Sijui anaumwa nini, na si kazi yangu kumpa jina la ugonjwa. Ninachokiona ni kwamba kila kituo kilimhesabu kama mgonjwa mpya wa kuhara damu, na daftari likaondoka naye. Rejista ya saratani tunayo kwa zaidi ya miaka 60. Uvimbe sugu wa utumbo haujawahi kupata ya kwake.

Kuna jambo jingine linalopunguza hesabu. Wingi wa wagonjwa Norway unatokana pia na kwamba hawafi. Kijana anayegunduliwa akiwa na miaka 20 huhesabiwa kila mwaka mpaka uzee. Anayekufa mapema kwa utumbo uliopasuka katika hospitali ya wilaya hata hesabu ya mwaka mmoja haimfikii.

Ushahidi ninaouona mzito kuliko yote unatoka kwa waliohama. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 waondoke. Baraza la mji wa Leicester, Uingereza, lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende huko. Wakaenda. Miaka 20 baadaye, mwaka 1992, watafiti wa mji huohuo, ambao Wahindi wake wengi walipitia Afrika Mashariki, walikuta kolaitisi imewashika watu wa asili ya Asia Kusini kwa kiwango cha karibu mara mbili ya Wazungu wenyeji. California, rejista ya bima moja kubwa ilipata Crohn 29.8 kwa kila watu weusi 100,000 na 43.6 kwa Wazungu; pengo lipo, lakini halifanani hata kidogo na lile la Cape Town. Na Ontario, Kanada, ilionekana kwamba kila mhamiaji anapofika akiwa mdogo kwa miaka 10 zaidi, hatari yake hupanda kwa asilimia 14.

Matokeo hayo yanaziumiza pande zote mbili. Damu ya Mwafrika au Mhindi haina kinga ya kudumu. Mtoto akikulia kwingine, anaugua. Lakini kama umri wa kuhamia una uzito, basi mazingira ya nyumbani yalikuwa na tofauti ya kweli, na uchache wa zamani haukuwa kiini macho cha upofu wa vipimo tu. Kwa maoni yangu Burkitt alikuwa sahihi kuhusu Uganda ya 1960. Kosa ni la wanaomnukuu kuhusu Kampala ya leo, ya soda, chipsi na viuavijasumu vinavyouzwa bila karatasi ya daktari.

Je, daktari wa Busia abadilike? Kwa mgonjwa wa mara ya kwanza, hapana. Anayehara damu Uganda ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na maambukizi, na kuanza na hayo ni busara. Tena kosa la upande wa pili lina makali yake: kifua kikuu cha utumbo hufanana na Crohn hata kwenye kamera, na ukimpa mgonjwa wa kifua kikuu prednisolone, dawa inayoshusha kinga ya mwili, ukidhani ni Crohn, unaweza kumuua. Nadra au si nadra, hilo halibadiliki. Kinachobadilika ni mgonjwa wa mara ya nne. Huyo hastahili bahasha nyingine ya 2×3. Anastahili rufaa ya kamera.

Watakaosema tuna malaria ya kugharamia kwanza wana hoja, ila kuhesabu si ghali kama wanavyodhani. Punjab, India, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakauliza watu 51,910 kuhusu kuhara na damu, kisha wakapima kwa kamera walioonekana na dalili. Walipata wagonjwa 23, yaani 44 kwa kila 100,000, mahali ambapo kolaitisi ilidhaniwa kuwa adimu. Kwa kiwango hicho Uganda ingekuwa na wagonjwa wapatao 20,000. Tukiuliza idadi kama hiyo ya watu Kampala na Mukono tukapata wawili, mazoea ya sasa yaendelee. Tukipata ishirini, bohari ya taifa ya dawa ina sababu ya kuagiza mesalazine, dawa ya kutuliza kolaitisi.