Muziki wa Harusi Uliopata Haki Yake Ugenini

Wanaoandika kuhusu muziki wa Wabulgaria wanaoishi nje ya nchi yao huusifu zaidi kama kitulizo cha wenye hamu ya kwao: mavazi yaliyotariziwa, watu walioshikana mikono wakicheza horo, na gaida, zumari lenye mfuko wa ngozi, likilia katika ukumbi wa Chicago au London. Hayo yapo na yana thamani yake. Hata hivyo, naamini kwamba ugenini ndiko sehemu ya muziki huo ilikopata heshima iliyonyimwa nyumbani, na anayestahili kutajwa kwanza ni mpiga saksafoni Yuri Yunakov.

Yunakov, mzaliwa wa mji wa Haskovo, Bulgaria, kutoka jamii ya Waroma (kabila la wachache lenye asili ya India, lisilohusiana na mji wa Roma) wanaozungumza Kituruki, alikuwa mwanandondi kabla ya kujiunga na bendi ya mpiga klarineti Ivo Papazov. Walipiga muziki wa harusi, wenye kasi ya ajabu na mapigo ya 7 au 11 ambayo mgeni hushindwa kuyafuata kwa makofi. Serikali ya kikomunisti, ambayo iligharimia vikundi rasmi vya ngoma za jadi, iliuona muziki huo kuwa doa la Kiroma na Kituruki katika utamaduni wa taifa. Wanamuziki walitozwa faini, wengine wakafungwa, Papazov akiwa mmoja wao; na wakati huohuo Waislamu wa Bulgaria, wakiwemo Waturuki na Waroma, walilazimishwa kuacha majina yao na kuchukua ya Kislavoni.

Mwaka 1994 Yunakov alihamia New York, akawa anaalikwa katika sherehe za Waroma wa Makedonia, Waturuki, Waalbania na Wabulgaria wenzake. Mwaka 2011 Marekani ilimtunuku nishani yake ya taifa ya juu kabisa ya sanaa za jadi. Ninafurahi kwa ajili yake, lakini pia inaniuma kwamba ilimbidi kuvuka bahari ndipo serikali imheshimu kwa kazi ileile iliyowaponza wenzake.

London nako, Dessislava Stefanova, aliyewahi kuimba katika kikundi cha Filip Kutev, mojawapo ya vikundi rasmi vya muziki wa jadi vya Bulgaria, alianzisha kwaya ya Kibulgaria mwaka 2000, na waimbaji wake wengi si Wabulgaria. Sioni ubaya. Anayetumia miaka kujifunza kutoa sauti ya kifua, na kuishikilia kando ya sauti nyingine iliyo karibu nayo mno hata zikakwaruzana, ameulipia muziki huo kwa jasho.

Kinachonisumbua ni watoto. Katika shule nyingi za Jumapili za Wabulgaria ughaibuni wanafundishwa horo na rachenitsa, ngoma nyingine ya jadi ya Kibulgaria, ilhali kyuchek, ngoma ya Waroma ambayo wazazi wao huicheza kwa furaha harusini, haipewi nafasi darasani. Mgawanyo huo ulipangwa na serikali iliyoanguka mwaka 1989, na sioni kwa nini walimu walioko Madrid au Chicago waendelee kuutii. Wawaalike wapiga klarineti wa Kiroma wanaoishi katika miji hiyo, wawalipe ipasavyo, na wawaeleze watoto kwa nini muziki huo ulipigwa marufuku.