Fedha Zilizojenga Kasri: Je, Mwongoza Watalii Azitaje?

Tangu Septemba 2020, National Trust, taasisi ya hisani inayohifadhi majumba na bustani za kale, ilipotoa ripoti iliyotaja majumba na bustani 93 katika miliki yake kuwa na uhusiano na utumwa au ukoloni, ziara za kihistoria nchini Uingereza zimezongwa na ubishi. Upande mmoja unataka mwongoza watalii aeleze fedha zilizojenga jumba zilitoka wapi. Wa pili unasema mgeni amelipa kiingilio aone samani, michoro na maua, si kusomewa mashtaka.

Wanaolalamika hawakosi hoja. Ripoti ile iliwaweka katika orodha moja wamiliki wa watumwa na watu ambao kosa lao, kama ni kosa, lilikuwa kushika vyeo serikalini enzi za himaya. Chartwell, nyumba ya Winston Churchill huko Kent, iliingizwa kwa njia hiyo, na ikawa kama kumwaga mafuta kwenye moto. Isitoshe, waongozaji wengi ni watu wanaojitolea tu, na kuwatwisha mjadala ambao wanahistoria wenyewe hawajaumaliza si haki. Tume inayosimamia mashirika ya hisani iliyapokea malalamiko na Machi 2021 ikaamua kwamba taasisi haikuvunja sheria, ila uamuzi huo haukugusa swali la nini kisemwe mgeni anapoingia mlangoni.

Tutazame Harewood House, karibu na Leeds, ambayo wala si mali ya National Trust. Ujenzi ulianza 1759 chini ya Edwin Lascelles, ambaye ukoo wake ulitajirikia katika kisiwa cha Barbados, huko Karibi, kwa sukari, kwa biashara ya watumwa na kwa kuwakopesha wenye mashamba. Mgeni huonyeshwa dari zilizonakshiwa kwa usanifu wa Robert Adam, kitanda cha heshima kilichotoka katika karakana ya fundi samani Thomas Chippendale, na nje mandhari ya mbunifu wa bustani Lancelot Brown, yenye ziwa ambalo usipoambiwa utadhani limekuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na gharama yake, na mwongozaji haoni tabu kusimulia gharama hizo. Anayeuliza ni jasho la nani lililolipia yuko palepale kwenye mada.

Na hesabu zipo. Sheria ya 1833 ya kukomesha utumwa ilitenga pauni milioni 20, takribani asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka, kuwafidia wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata peni, na wengi walilazimishwa kuendelea kufanya kazi kwa mabwana walewale hadi 1838, kwa jina la uanagenzi. Bwana wa Harewood wa wakati huo alipokea zaidi ya pauni 26,000 kwa ajili ya watu zaidi ya 1,200. Fedha nyingi za fidia zilikopwa, na Hazina ya Uingereza yenyewe ilitangaza 2018 kwamba deni hilo lilimalizwa 2015. Wapo wanaokumbusha kwamba mkopo ule ulikwisha kuunganishwa na madeni mengine, hivyo huwezi kuifuata pauni moja moja. Ni kweli, lakini maana yake ni ileile: mkazi wa Leeds ambaye mababu zake walikuwa watumwa Barbados alikuwa akikatwa kodi ya kulipia fidia ya waliowamiliki. Jambo lililokuwa kwenye vitabu vya serikali hadi 2015 haliwezi kuitwa la kale mno kutajwa.

Wakosoaji husahau pia kwamba swali hilohilo la nani aliyeugharimia uzuri hufichua yaliyowapata wanyonge wa Kiingereza. Huko Dorset, katika karne ya 18, Lord Milton aliubomoa mji mdogo uliokuwa karibu na makazi yake kwa sababu ulimharibia mandhari, na kijiji cha Milton Abbas kikajengwa kando. Leo watalii hupiga picha nyumba zake nyeupe zilizoezekwa kwa nyasi, wakizisifu kwa uzuri, bila kujua ni za watu waliohamishwa kwa nguvu.

Mwingereza huyohuyo akifika Unguja hupelekwa Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, na kusimuliwa biashara ile bila kufichwa; sijasikia akidai kwamba likizo yake imeharibiwa.

Harewood wenyewe wameacha kukwepa. Miaka ya karibuni wametundika picha za watu wenye asili ya Afrika na Karibi wanaohusiana na jumba hilo, wa kwanza akiwa Arthur France, mzaliwa wa kisiwa cha Nevis huko Karibi na mwanzilishi wa kanivali ya Leeds, na vitanda vya Chippendale havijapungua thamani. Walichobaki nacho wakosoaji ni dai la usahihi, nalo linastahili kusikilizwa: Chartwell isitiwe kapu moja na Harewood, na mwongozaji anayejitolea apewe majina, miaka na viwango vya fedha, badala ya kuachiwa sentensi moja ya jumla kuhusu “uhusiano na utumwa” ambayo humuudhi mgeni bila kumfundisha chochote.