Kuku wa maonyesho tunawafuga kwa macho tu, mayai tumeyasahau

Kuku wa maonyesho nawapenda kwelikweli, na vile viwango vya aina, yaani maandishi yanayosema kuku wa aina fulani awe na umbo gani, naviona ni kitu cha maana sana, maana bila maandishi kila mtu atamwita kuku wake anavyotaka. Wamarekani walianzisha chama chao cha wafugaji wa kuku 1873 na mwaka uliofuata wakatoa kitabu cha viwango, ndo maana ukisema Rhode Island Red leo mtu anajua unaongelea kuku gani, jogoo wa kilo 3.9 hivi, koo wa kilo 2.9, mgongo mrefu ulionyooka, na yule wa upanga mmoja, ile nyama nyekundu ya kichwani, ncha zake ziwe tano. Hapo sina ugomvi kabisa.

Kinachoniuma ni hiki. Jaji anamuona kuku dakika chache tu akiwa kwenye kizimba, anamshika, anapapasa kidari, anafungua bawa, anaangalia rangi basi, na pale mayai hayaonekani, wala huwezi kujua kama vifaranga wake wanakua haraka au mama yake aliugua kila mwezi. Sasa kisichoonekana kizimbani kidogo kidogo kinapotea kwenye damu, kwa sababu anayeshinda ndo watu wanakimbilia kununua mbegu yake, halafu watoto wake ndo wanashindanishwa mwakani.

Mcheki Orpington. William Cook alimtoa 1886 kule Kent Uingereza, alichanganya Minorca, Langshan na Plymouth Rock, na lengo lake lilikuwa wazi kabisa, kuku mweusi ambaye masizi ya London hayaonekani kwenye manyoya yake, anayetaga vizuri na nyama ipo. Lakini haikupita miaka mingi wafugaji wa maonyesho wakamchukua wakamuongezea ukubwa na manyoya, manyoya, manyoya, mpaka akawa kama mto wa kulalia, na kwa kweli anapendeza, sikatai, ila utagaji ukashuka, na wengine leo inabidi wapunguzwe manyoya kwa mkasi huku nyuma ndo jogoo aweze kupanda na mayai yawe na mbegu. Sasa jamani kuku anayehitaji mkasi ili azaane, lengo la ufugaji hapo lilikuwa nini?

Orpington huyohuyo alipofika Australia watu wakaenda njia nyingine, wao walikuwa wanashindanisha utagaji, wanahesabu mayai ya kila kuku mwaka mzima, na wakapata yule tunayemwita Australorp. Msimu wa 1922 hadi 1923 kuku sita walitaga mayai 1,857 ndani ya siku 365, yaani wastani wa mayai 309.5 kila mmoja, na hakukuwa na taa za kurefusha mchana. Mzazi mmoja, malengo mawili, kuku wawili tofauti kabisa. Na huyo Australorp ndo mweusi ambaye mpaka huku Afrika Mashariki watu wanamfuga.

Kuna na lile suala la Plymouth Rock wa mistari. Jeni ya mistari, yaani kile kinachorithiwa na kuleta mistari, inakaa kwenye kromosomu ya jinsia, jogoo anabeba mbili, koo moja, kwahiyo jogoo kiasili anakuwa mweupeweupe kuliko koo. Waonyeshaji wakataka wote wafanane rangi, ikabidi watu wafuge makundi mawili ya ukoo tofauti ndani ya aina moja, ukoo wa kutoa majogoo ya maonyesho na ukoo wa kutoa matetea, na nusu ya vifaranga wa kila ukoo kizimbani hawana kazi. Mimi hapo naona kiwango ndo kingebadilika, kikubali jogoo awe mweupe zaidi, kuliko kumlazimisha mfugaji kulisha mabanda mawili.

Na nawaza hivi kwa sababu ya kuchi wetu, wale kuku wa kienyeji warefu. Kila mtu anasifia urefu na shingo, bei inapanda kwa urefu, na siku tukikaa kuandika viwango vyake naogopa tutaandika urefu tu, tusahau kwamba koo anatakiwa atage, aatamie na alee.

Ningekuwa na sauti ningeomba koo yeyote anayeingia mashindanoni aje na daftari la mayai yake la mwaka mzima, la kiota cha mtego, ile aina inayofunga kuku akiingia ili ujue yai ni la nani, na apimwe uzito mbele ya watu. Na zawadi kubwa wapewe kuku wa miaka miwili kwenda juu ambao bado wanataga, sio tetea wa miezi minane ambaye hajathibitisha chochote. Kwenye kuchagua wazazi pia naanza na afya na mayai, halafu umbo, upana wa mgongo na nyonga, miguu iliyosimama sawa, na mwenye upanga wenye vijichipukizi pembeni namtoa. Rangi naiangalia mwisho kabisa, nikishabakiwa na wachache ambao wote wanafaa, hapo sasa ndo namchagua yule mweusi anayemeremeta kijani juani.