Kilichotolewa mshipani: kipelekwe maabara au kitupwe?

Anayezijua hospitali za kwetu magharibi mwa Kenya anaijua picha hii. Upasuaji umekwisha, muuguzi anatoka thieta na kichupa chenye kipande cha nyama kilichozama kwenye fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, anauliza, "Watu wa mgonjwa wa kitanda cha nne wako wapi?" Ndugu mmoja anainuka, anakabidhiwa kichupa na fomu, anaelekezwa maabara, mara nyingine maabara ya nje ya hospitali, akalipe mwenyewe. Wengine hukifikisha siku ile ile. Wengine hukipeleka nyumbani kwanza, kikakaa juu ya kabati mpaka mchango wa ukoo utimie.

Kichupa chenye uvimbe wa titi hakina ubishi. Ubishi uko kwenye kichupa cha mgonjwa aliyeingia thieta kwa sababu ya mshipa wa damu: ateri iliyotuna kama puto, bonge la damu lililoziba mguu, au mshipa wa bandia uliowekwa zamani ukachakaa. Hakuna aliyeshuku saratani. Mpasuaji ametoa alichotoa, mgonjwa anaendelea vizuri. Je, kilichotolewa kipelekwe maabara, au kiende na taka za thieta?

Swali hili limekuja kwa sababu mara chache, chache kwelikweli, ndani ya bonge kuukuu la damu hukutwa seli za limfoma, saratani ya seli za kinga za mwili. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2022, liliipa aina hii nafasi yake yenyewe: limfoma ya seli kubwa za B (aina mojawapo ya seli za kinga) inayoambatana na faibrini. Faibrini ni zile nyuzi za protini zinazoifanya damu igande. Kabla ya hapo ilikuwa imewekwa chini ya limfoma za uvimbe wa muda mrefu, jirani asiyefanana naye. Imekutwa kwenye mabonge ya damu ndani ya ateri zilizotuna, kwenye mishipa na vali za bandia, na kwenye ule uvimbe laini wa moyoni uitwao miksoma. Kwa kawaida haifanyi hata kinundu cha kushikika. Ni seli tu, zimejificha katikati ya nyuzi, na macho ya mpasuaji hayawezi kuziona.

Anayesababisha ni virusi vya Epstein-Barr, na hapa ndipo habari hii inapoacha kuwa ya vitabu vya Ulaya. Virusi hivi tunavifahamu kwa uvimbe wa saratani wa taya za watoto. Denis Burkitt, mpasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaviona virusi kwenye seli za uvimbe huo. Ukanda wa Ziwa Victoria, pamoja na Nyanza yetu, umo katikati ya ramani ya ugonjwa huo. Watu wazima karibu wote duniani wanabeba virusi hivi bila shida. Tofauti ni mapema kiasi gani unavipata. Utafiti uliolinganisha watoto wa Kisumu, kwenye malaria mwaka mzima, na wale wa Nandi, ambako malaria ni haba, ulionyesha kwamba wa Kisumu huambukizwa wakiwa wachanga zaidi na mwili wao hushindwa kuvibana sawasawa.

Je, hilo lina maana kwamba mzee wa Ahero mwenye bonge kwenye ateri ya tumbo ana hatari kubwa kuliko mzee wa London? Sitaruka mpaka huko. Ninachosema ni kwamba tusizikope hesabu za London tukazitumia kama zetu.

Wanaosema tusipeleke kila kitu wana hoja nzito, na mimi nakubaliana nao zaidi ya nusu ya njia. Vitu vingi vinavyotolewa kwenye mishipa ni vilevile kila siku: mafuta yaliyoganda na chokaa kutoka ateri ya shingo, bonge bichi la jana, ukuta wa ateri uliochoka kwa shinikizo la damu. Majibu yake maabara ni sentensi moja isiyobadilisha dawa hata moja. Huko Marekani, chama cha wanapatholojia, madaktari wanaosoma nyama chini ya darubini, kinaziachia hospitali ziandike zenyewe orodha ya vitu visivyolazimika kupimwa. Ikiwa wao wenye mashine na watu wanabagua, sisi wenye wanapatholojia wa kuhesabika tutawezaje kupima kila bonge? Kila kioo cha darubini chenye bonge la kawaida kinachosomwa kinakisogeza nyuma kioo cha mama mwenye uvimbe wa titi. Foleni ya maabara haina mlango wa nyuma.

Kuna hofu nyingine isiyosemwa sana. Limfoma hii ya faibrini ina sura mbaya kuliko tabia yake. Chini ya darubini seli ni kubwa, zinagawanyika kwa kasi, na msomaji asiyeizoea ataandika "limfoma kali". Lakini wengi walioripotiwa walipona kwa upasuaji pekee: seli hizi huishi kwa kujificha ndani ya bonge, mahali ambapo askari wa mwili hawafiki, na bonge likitoka nazo zimetoka. Wapo waliorudiwa, hasa pale kifaa cha bandia kilipobaki ndani. Sasa mchukue mgonjwa wa mishipa, moyo wenyewe umechoka, umsomee majibu ya "limfoma kali" na umwanzishie kemo, yaani dawa za saratani, yenye doksorubisini, dawa inayojulikana kwa kuudhuru moyo. Kipimo kilichokusudiwa kumwokoa kinaweza kuwa ndicho kilichompeleka pabaya.

Hata hivyo, siwezi kuungana na anayesema vyote vitupwe.

Kwanza ni VVU. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliikuta Kisumu na asilimia 17.5 ya watu wazima wenye virusi na Homa Bay asilimia 19.6, wakati wastani wa nchi ulikuwa 4.9. VVU huweza kuzidhoofisha kuta za ateri, zikatuna kwa vijana, shingoni au pajani, wakati mwingine mahali pawili au patatu kwa pamoja. Virusi hivyohivyo huongeza hatari ya limfoma za seli B, kiasi kwamba aina kali zimo kwenye orodha ya magonjwa yanayotambulisha UKIMWI. Kijana wa miaka 32 mwenye ateri iliyotuna pajani na VVU mwilini si yule mzee wa vitabuni. Ukuta wa ateri yake ukitupwa, kilichotupwa ni swali halali kabisa.

Pili, na hili kwangu ndilo kubwa kuliko hata faibrini, ni mitoki, yaani tezi zilizovimba. Mpasuaji akiifuata ateri ya paja anapita katikati ya tezi za kinena. Akiifuata ya shingo anazikuta za shingo. Mtoki mkubwa ni rahisi kuuelezea: mguu una kidonda, ndio maana tezi imevimba. Mara nyingi ni kweli. Lakini kanda hii ina desturi ya kuita kila homa, jasho la usiku na kukonda kwa jina la TB, mgonjwa akamaliza miezi ya dawa na limfoma yake ikiwa salama salimini. Tezi iliyolala mbele ya kisu, mgonjwa ameshatiwa usingizi, kovu halitaongezeka, ni nafasi ambayo mgonjwa wa kawaida hungoja kwa miezi. Kuiacha kwa sababu "hatukuja kutafuta hiyo" naona ni uvivu uliovaa koti la busara.

Kwa hiyo ningependa kila thieta inayogusa mishipa, iwe ya Russia pale Kisumu (jina rasmi la Jaramogi Oginga Odinga wazee wengi hata hawalitamki) au ya Eldoret au Nakuru, iwe na karatasi fupi ukutani. Ateri iliyotuna kwa kijana au kwa mwenye VVU: peleka. Bonge kuukuu lenye rangi au ugumu usioeleweka, au lililozunguka kifaa cha bandia: peleka. Miksoma na tezi kubwa: peleka. Bonge bichi na mafuta ya mshipani kwa mzee wa kisukari: yaende zake.

Na fomu iandikwe. Mwanapatholojia akipokea neno "thrombosi" (damu kuganda mshipani) peke yake atasoma bonge kama bonge. Akisoma "kifaa cha bandia miaka sita, VVU, bonge limekaa muda mrefu" atajua kutafuta alama za seli B na kukipima kioo kama kina Epstein-Barr.

Lililobaki ni pesa. Bima ya afya ya taifa, NHIF, iliondoka, mamlaka mpya ya SHA ikashika usukani tangu tarehe 1 Oktoba 2024, lakini jina kwenye kadi halikibebi kichupa. Gharama ya kukisoma inapaswa kuwa ndani ya gharama ya upasuaji wenyewe, na mbebaji awe mfanyakazi wa hospitali, si shemeji aliyetoka Bondo na matatu ya alfajiri. Kichupa kikikaa wiki mbili juu ya kabati, nyama iliyozidi muda kwenye fomalini huanza kuzificha alama zilezile zinazotafutwa. Hapo hata mwanapatholojia hodari atarudisha majibu yasiyojibu kitu, na familia itakuwa imelipa.