Kuku Aliyekata Tamaa

Mke wangu alipokuwa anasafiri aliniachia agizo moja tu: "Mama anakuja Jumapili mchana. Usijitutumue, pika unachokijua." Ninachokijua mimi ni kuchemsha mayai. Sasa mama mkwe umpe yai?

Nikaamua kuku wa tangawizi. Maelekezo yalisema tangawizi mbichi kiasi cha kidole gumba, iparuzwe, kuku akae nayo nusu saa. Nikacheka. Nusu saa viungo vimeingia wapi? Nilikuwa na tangawizi kubwa, imejaa vidole kama mkono wa bibi kizee mwenye baridi yabisi. Nikaimenya yote kwa ncha ya kijiko (hilo angalau nalijua, kisu kinaondoka na nusu ya tangawizi), nikaiparuza, nikavikandika vile vipande vya kuku hadi havionekani, bakuli likaingia kwenye friji. Hiyo ni Ijumaa jioni.

Jumapili nikafunua. Nyama imepauka, inateleza, ngozi imelegea kama soksi iliyokatika mpira. Nikajipongeza: huyu kakolea! Nikambandika jikoni kwa moto mdogo, mdogo kabisa, asije akaungua, nikaenda zangu kuoga.

Kumbe tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinaitwa zingibaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Ukikipa nusu saa kinalainisha nyama. Ukikipa siku mbili kinaimeng'enya kabla hujaitia mdomoni. Tena kinachapa kazi vizuri zaidi joto likiwa kwenye nyuzi 60 hivi, hakifi mpaka moto upande juu. Ule moto wangu wa huruma ulikuwa unakilipa kazi ya ziada. Haya yote niliyasoma usiku, kuku ameshazikwa.

Mama mkwe akafika, nikamwamkia, akaketi mezani. Nikajitia mwenyeji hodari, nikataka kumchagulia paja. Nikalishika kwa koleo pale kwenye fundo, nikainua taratibu.

Ukaja mfupa. Mweupe, msafi, kama umepigwa mswaki. Nyama ikabaki chini kwenye sufuria, imetulia, wala haijali.

Nikahamia kipapatio. Vifupa viwili vikatoka vimeshikana, uchi.

"Baba," mama mkwe akaita kwa upole, ule upole wa kumtoa mtu jasho, "huyu kuku alichinjwa au alikata tamaa mwenyewe?"

"Ni supu, mama. Supu nzito."

"Ahaa. Supu."

Nikamchotea kwa upawa. Akaonja kijiko kimoja. Akafumba macho. Akayafumbua yakiwa mekundu, akatafuta leso, akapenga.

"Mafua yalikuwa yamenikaba tangu Alhamisi," akasema. "Yametoka."

Nikataka kusema asante, nikaona bora ninyamaze. Maana alikuwa ameshaingiza vidole viwili kinywani, anavuta kitu. Ulikuwa uzi wa tangawizi umenasa katikati ya meno. Akauvuta pole pole huku ananitazama, nao hauishi. Akaunyoosha mezani, pembeni ya sahani, akauangalia kwa makini kama fundi cherehani.

"Na hii? Ulimpika na kamba aliyofungiwa?"

Nikatazama sakafu.

"Baba, mayai unayo?"

"Ninayo, mama."

"Unaweza kuchemsha?"

Nikainuka kabla hajamaliza. Nilichemsha manne, dakika 10 kamili, nikayatia kwenye maji baridi, maganda yakatoka bila kuchubua hata moja. Akala matatu. Akatia chumvi, akala kimya kimya, na kwa mara ya kwanza siku ile nikapumua.

Jioni mke wangu akapiga simu, akataka kuongea na mama yake. Nikasogea karibu na mlango kusikiliza.

"Tumekula vizuri," mama mkwe akasema. "Kapika mayai." Akanyamaza kidogo. "Na dawa ya mafua."