Binti Aliyekichanja Kivuli

Kuna kikundi cha waandishi hapa Nairobi, wengi wao vijana, ambacho hukutana Kaloleni siku za Jumamosi kusimulia upya visasili na mighani ya Kiafrika. Kila mmoja huchukua hadithi aliyoijua tangu utotoni, akaiandika kwa Kiswahili, kisha akaisoma mbele ya wenzake. Hivi karibuni mwandishi mmoja alisoma kisa cha Lwanda Magere, shujaa wa Waluo mwenye mwili wa jiwe, kwa sauti ya mke wake wa pili, yule binti wa Kilang'o, yaani Mnandi. Hata hajamaliza, mzee mmoja aliyealikwa kusikiliza akasimama. Hadithi ile, alisema, si ya kuchezewa: Lwanda aliuawa kwa usaliti, na anayeuondoa usaliti ameiondoa hadithi. Mjadala haujapoa tangu siku hiyo. Ninaousikia mara nyingi unawagawa watu kirahisi mno, wazee wakipewa mila na vijana wakipewa kiburi.

Hoja ya mzee si ya kupuuzwa. Waandishi wengi wa jijini hadithi hizi walizikuta kwenye vitabu vya shule, si kwa nyanya zao, na lugha iliyozizaa wanaisikia nusunusu. Wakisimulia upya, kinachopotea kwanza ni mahali. Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, ambako kijiji kizima kilizama kwa kumfukuza mwanamke mzee aliyeomba hifadhi, linageuka kuwa ziwa fulani tu lisilo na jina. Nyamgondho wa Ombare, mvuvi aliyemvua mwanamke kwa nyavu na kutajirika naye, anakuwa mvuvi yeyote wa pwani yoyote. Msomaji wa kitabu cha namna hiyo hawezi kujua kwamba Simbi ni ziwa la kweli, kwamba anaweza kupanda matatu na kwenda kusimama ukingoni. Hapo kweli kuna wizi, hata kama mwizi hakukusudia.

Kisha kuna suala la sheria. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa. Mwaka 2016 ilipitishwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Inazitaja hadithi na mighani waziwazi, inadai ridhaa ya jamii kabla ya matumizi, na inazitaka serikali za kaunti ziweke rejista. Kwa hiyo mzee anapouliza mlimwomba nani ruhusa, haulizi kwa hasira tu. Anauliza swali ambalo sheria ya nchi inaliuliza.

Hata hivyo, wengi wanaomlaumu mwandishi yule hawakuisikia kazi yake. Usaliti hakuuondoa. Binti anapelekwa kwa Lwanda kama mke baada ya mikuki ya kwao kugonga mwili wa jiwe na kuanguka. Lwanda anaugua, anamwagiza achanje kivuli badala ya ngozi ili dawa ipakwe, damu inatoka, naye anatoroka usiku na siri hiyo. Vita vinarudi, kivuli kinachomwa mkuki, Lwanda anakufa na kugeuka jiwe. Yote yamo. Alichoongeza ni ile dakika ya kuchanja. Wembe unaugusa udongo, udongo unatoa damu, na jambo la kwanza analofanya binti ni kupafunika mahali pale kwa kiganja, kama ambavyo yeyote angeziba jeraha la mgonjwa. Ndipo anapoanza kuwataja, mmoja mmoja, kaka zake walioletwa nyumbani wakiwa maiti kwa mkono wa mtu anayemuuguza.

Sioni kilichoharibika hapo. Ninachoona ni kwamba hadithi imepata uzito ambao haikuwa nao tulipoikariri kwa ajili ya mtihani.

Na mtihani huo ndio unaonisumbua zaidi. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walitaka fasihi ya Afrika, ikiwemo fasihi simulizi, iwe kiini cha masomo ya fasihi katika chuo kikuu hapa Nairobi. Ulikuwa ushindi mkubwa, na shule zikafuata baadaye. Lakini kilichokuwa kikitambwa usiku, hadhira ikiitikia na kudakiza, kikawa orodha ya sifa za kukariri kwa ajili ya karatasi ya tatu ya mtihani wa Kiswahili. Shujaa ana nguvu zisizo za kawaida, ana siri, na huangushwa na usaliti, hasa wa mwanamke. Mwalimu akihitaji mfano, Lwanda Magere yuko tayari.

Sasa fikiria darasa la Nairobi, Mjaluo na Mnandi dawati moja. Msichana Mnandi anajifunza kwamba aliyemuua shujaa ni binti wa kwao, tena hana jina, hana mama, hana sababu. Anayeketi kando yake anajifunza kwamba mke akitoka kwa jirani usilale usingizi mzito. Kati ya Kano, kwao Lwanda, na vilima vya Nandi mpaka huo si wa hadithini tu, watu wamewahi kuuana pale katika miaka tunayoikumbuka sote. Simlaumu mtambaji wa zamani. Yeye aliwatambia watoto wa upande mmoja, na vita alivyovizungumzia vilikuwa vyao. Sisi tunawatambia watoto wa pande zote mbili kwa pamoja, kwa maneno yaleyale, na hatujiulizi yanatua wapi. Ukisimama upande wa pili wa mpaka, binti yule ni mtu aliyewaokoa ndugu zake.

Linganisha na Fumo Liyongo, shujaa wa Waswahili. Aliyemchoma sindano ya shaba kitovuni ni mwanawe wa kumzaa, kijana aliyeahidiwa uwaziri na binti wa mfalme. Sijawahi kumsikia mwalimu akihitimisha kwamba watoto wa kiume ni hatari nyumbani. Kijana huyo tunamhukumu peke yake, lakini binti wa Kilang'o anahukumiwa pamoja na jinsia yake na kabila lake.

Isitoshe, hadithi ya asili isiyobadilika inayotetewa hivi haipatikani kirahisi. Kisa cha Liyongo alikichapisha mmisionari Mwingereza Edward Steere mwaka 1870 kwa nathari aliyoipata Unguja. Muhamadi Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi mwaka 1913. Hakuna aliyemwambia Kijumwa kwamba nathari ilikwisha kuchapishwa, aache. Kila kilichoandikwa kilikuwa kinywa cha mtu mmoja katika usiku mmoja, kikawahiwa na kalamu. Vinywa vingine vyote vya usiku huo vilikuwa halali vilevile.

Na vinywa hivyo vilikuwa vya nani? Kwa Waluo, watoto walisikia hadithi katika siwindhe, nyumba ya bibi kizee. Kwa kuwa mtu haoi ndani ya ukoo wake, wanawake wazee wa boma karibu wote walikuwa wameolewa kutoka kwingine. Waliokitunza kisa cha mke aliyetoka ugenini walikuwa wenyewe wake waliotoka ugenini. Siamini kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kutulia kidogo akifika pale pa wembe, akamwonea binti yule huruma kwa sauti. Mwandishi wa Kaloleni huenda hakuongeza kitu. Huenda amerudisha kilichoachwa nje na waliokuja na karatasi.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ni kwamba kikundi kiendelee, lakini kisiendelee kama kilivyo. Majina ya mahali yabaki: Kano ibaki Kano. Kila hadithi itanguliwe na maneno machache kwamba ni ya jamii gani, imesikiwa au imesomwa wapi, na mwandishi amegeuza nini, ili msomaji aweze kurudi kwenye masimulizi mengine. Kikichapishwa kitabu na kuuzwa, sehemu ya mapato irudi huko ilikotoka hadithi, hata kama ni kwa kununulia vitabu maktaba ya shule moja.

Kuhusu ridhaa, mzee ana haki ya kuidai, ila aidai yote. Kisa hiki kina jamii mbili ndani yake, na sheria ya 2016 haisemi kwamba mwenye shujaa ndiye mwenye hadithi peke yake. Kikundi kikienda Kano kuomba baraka, kipande na vilima vya Nandi pia, kikakisome kisa hiki huko, kwao binti.